John Wesley Hyatt: mchapaji aliyetafuta mbadala wa pembe za tembo akaipa dunia plastiki

Mwezi Julai 2013, wakaaji wa Kamango, katika usultani wa Watalinga wilayani Beni, walikimbia shambulio la waasi wa ADF. Makumi ya maelfu walivuka mpaka na kuingia Bundibugyo, nchini Uganda. Kwa wengi wao nyumba ilikuwa bashi, yaani turubai la plastiki, na maji yalichotwa kwa bidoni ya plastiki.

Vitu hivyo viwili vina asili moja. Vyote hutengenezwa kwa plastiki inayolainika kwa joto, inayopewa umbo na mashine, kisha ikapoa na kukaza. Mtu wa kwanza kuifanya kazi hiyo ya moto na mashine kuwa biashara kubwa ni Mmarekani John Wesley Hyatt, aliyefariki mwaka 1920. Hakuwa mwanakemia na hakusoma chuo kikuu. Alikuwa mchapaji wa magazeti na vitabu, na jambo lililomsukuma kufanya utafiti lilihusu bara la Afrika moja kwa moja: pembe za tembo.

Pembe kutoka bara, mipira ya Marekani

Katikati ya karne ya 19, matajiri wa Ulaya na Marekani walipenda mchezo wa biliadi. Mipira yake ilichongwa kutoka pembe za tembo, kwa sababu pembe ni ngumu, ni nzito kiasi, na hudunda vizuri. Lakini pembe moja ilitoa mipira michache tu, na mpira mzuri ulipaswa kutoka katikati kabisa ya pembe. Sehemu nyingine zilichongwa vitufe vya piano, vitana na mipini ya visu.

Sehemu kubwa ya pembe hizo ilipitia Zanzibar. Misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili iliingia Manyema, na katika miaka ya 1880 wawindaji wa pembe walikuwa wamefika msitu wa Ituri na kukaribia bonde la Semliki, bonde lile lile ambalo Kamango imo. Vijiji vilichomwa, watu walitekwa, na waliobaki walibebeshwa mizigo hadi pwani. Kiswahili chenyewe kilienea mashariki mwa Kongo kwa njia hizo hizo za misafara.

Wakati huo, wauzaji wa biliadi nchini Marekani walikuwa na hofu ya aina nyingine. Bei ilipanda, na walijiuliza kama tembo wangetosha. Mwaka 1863, kampuni ya Phelan na Collender ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa yeyote atakayepata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe. Habari hiyo ilimfikia Hyatt.

Mtoto wa mhunzi

Hyatt alizaliwa tarehe 28 Novemba 1837 huko Starkey, jimbo la New York. Baba yake alikuwa mhunzi, kwa hiyo mtoto alikua akiona chuma kikiingia motoni na kutoka kikiwa laini. Alisoma kwa muda mfupi, na akiwa na umri wa miaka 16 aliondoka nyumbani kwenda Illinois kujifunza uchapaji. Mwaka 1861 alipata hataza yake ya kwanza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, kwa ajili ya kifaa cha kunolea visu. Baadaye alihamia mji wa Albany, mchana akifanya kazi ya uchapaji, usiku na Jumapili akifanya majaribio yake.

Majaribio ya kwanza yalikuwa ya kuchanganya. Alichukua unga wa mbao, nyuzi za kitambaa na karatasi, akavishikanisha kwa gundi ya sheleki inayotokana na wadudu wa Asia, kisha akaupasha mchanganyiko huo joto na kuukandamiza ndani ya kalibu. Leo wahandisi huita vitu vya namna hiyo kompositi: unga au nyuzi za kuleta nguvu, na gundi ya kuzishika pamoja. Mipira iliyotoka haikuridhisha. Lakini mchanganyiko uleule ulifaa kwa vipande vya michezo ya dama na domino, na Hyatt akaanzisha kiwanda Albany pamoja na ndugu zake.

Fundisho la kwanza alilipata hapo. Sheleki inahitaji joto ili ishike. Ikipata joto dogo, unga haushikani. Ikizidishiwa moto, gundi yenyewe inaharibika na kipande kinakuwa dhaifu. Kati ya mipaka hiyo miwili kuna njia nyembamba, na Hyatt aliendelea kuitafuta njia hiyo katika kila jaribio lililofuata.

Chupa iliyomwagika

Wachapaji wa wakati huo walipaka vidole vyao kolodioni, maji mazito yanayokauka haraka na kuacha utando wa kulinda ngozi na kufunika vidonda. Siku moja Hyatt alikwenda kuchukua chupa yake kabatini akakuta imeanguka na kumwagika. Palipomwagika pamebaki kipande kikavu, kigumu, chenye kung'aa, kama ukucha. Aliona mara moja kwamba kitu kile kinaweza kufunika mpira.

Kolodioni inatokana na nitroselulosi: pamba iliyotiwa asidi ya nitriki. Pamba ikitiwa asidi nyingi huwa baruti inayolipuka. Ikitiwa kiasi kidogo haina ukali huo, lakini bado huwaka kwa kasi ya kutisha. Mipira ya kwanza ya Hyatt iliyopakwa kolodioni ilikuwa na hatari yake: sigara ikiigusa, inashika moto. Na mara mojamoja, mipira miwili ikigongana kwa nguvu, hutoa mlio kama wa fataki ya bunduki. Hyatt mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mwenye baa mmoja wa Colorado alimwandikia kueleza kuwa mlio huo haukumsumbua yeye, ila kila ulipotokea, wanaume wote ukumbini walichomoa bastola.

Kafuri, joto na nguvu ya kukandamiza

Kolodioni ikikauka hujikunja na kusinyaa, kwa sababu maji yake ya kuyeyusha huruka hewani. Haikufaa kutengeneza kitu kizima. Hyatt na kaka yake Isaiah walitafuta njia nyingine, na wakaipata katika kafuri, dawa yenye harufu kali ambayo watu wa pwani wanaijua kwa kuitumia wakati wa mazishi. Walisaga nitroselulosi ikiwa mbichi, wakaichanganya na kafuri kavu, wakaondoa maji, kisha wakaipasha joto chini ya mashine ya kukandamiza. Kafuri iliyeyuka ndani ya pamba ile, na kitu kizima kikawa unga laini kama ugali wa moto. Kilipopoa kikawa kigumu kama pembe. Kilipopashwa tena, kikalainika tena.

Hiyo ndiyo maana ya plastiki inayolainika kwa joto, na hataza yake ilitolewa tarehe 12 Julai 1870. Isaiah ndiye aliyeipa jina: seluloidi. Tayari Mwingereza Alexander Parkes alikuwa ameonyesha plastiki ya nitroselulosi huko London mwaka 1862, lakini kampuni yake ilianguka. Tofauti ya Hyatt ilikuwa katika kuijua kafuri vizuri, na katika kulitawala joto.

Onyo la profesa

Kulitawala joto hilo nusura kumuue. Katika siku hizo za mwanzo, profesa mmoja wa kemia alitembelea karakana ya Albany. Alipoona ndugu hao wanapasha nitroselulosi joto ndani ya kalibu iliyofungwa, aliwaonya kwamba joto likipanda kidogo tu kupita kiasi, kitu hicho kitalipuka na kubomoa jengo pamoja na waliomo.

Hyatt hakupuuza onyo, wala hakuacha kazi. Alisubiri saa ya mapumziko ya mchana. Akasimamisha ubao mnene kati ya mashine ya kukandamiza na pampu ya mkono, akajikinga nyuma yake. Kisha akaanza kupandisha joto la kalibu kwa makusudi, hadi karibu digrii 260, joto lililo mbali sana kupita lile la kazi ya kawaida. Gesi ilianza kutoka kwa kishindo kwenye viungo vya kalibu, na chumba kikajaa moshi mkali. Lakini kalibu ilibaki mahali pake, mashine ilibaki, jengo lilibaki, na Hyatt alitoka hai. Alipokumbuka siku hiyo uzeeni, alifurahi kwamba hakuwa na elimu yote ya profesa, maana angeogopa na kuacha.

Jaribio lile halikuthibitisha kwamba seluloidi ni salama. Lilionyesha jinsi inavyokufa. Seluloidi hulainika kwenye joto lililo chini ya lile la maji yanayochemka. Ikipashwa zaidi, sehemu za nitriki hukatika kutoka kwenye minyororo mirefu ya pamba na kugeuka gesi ya kahawia yenye sumu. Gesi hiyo ikikutana na unyevu huwa asidi, na asidi hiyo hukata minyororo mingine. Kazi hiyo yenyewe huzaa joto, na joto huharakisha uharibifu. Kwa hiyo plastiki hiyo, ikishaanza kuharibika, hujiharibu yenyewe kwa kasi inayoongezeka.

Mashine ya kusindilia

Majira ya baridi ya mwaka 1872 kuelekea 1873, ndugu Hyatt walihamia Newark, jimbo la New Jersey, wakiwa na wenye fedha wa kuwasaidia. Mwaka huo wa 1872 walikuwa wamepata hataza ya mashine ambayo ni babu wa mashine nyingi za viwanda vya plastiki leo. Ilikuwa silinda iliyopashwa joto, yenye pistoni inayosukuma seluloidi laini kupitia tundu dogo na kuiingiza kwenye kalibu, kama daktari anavyosukuma dawa kwa sindano. Bidoni huumbwa kwa njia nyingine, kwa kupulizwa hewa, lakini masahani, viti na vifuniko vya chupa vinavyouzwa katika soko la Kamango, Beni au Butembo bado hutengenezwa kwa njia hiyo ya kusindilia, ingawa mashine za sasa ni kubwa na zinajiendesha.

Mashine ilileta kasi, na pia ikaleta tatizo jipya. Fundi anayefinyanga kwa mkono huona kitu chake kikibadilika rangi na kukiondoa motoni. Ndani ya silinda hakuna anayeona. Plastiki iliyokwama kwenye kona hupikwa muda mrefu kuliko ile inayopita katikati. Msuguano wa kukandwa nao huongeza joto ambalo halikupimwa. Kwa hiyo watengenezaji walijifunza kupima joto na pia kupima muda: joto linalofaa kwa dakika chache huwa la kuharibu likidumu zaidi. Walijifunza pia kuongeza vitu vya kukinga. Zinki oksidi, iliyotumika kuipa seluloidi weupe wa pembe, ilisaidia vilevile kumeza asidi kabla haijaanza kuikata minyororo.

Wafanyakazi ndio waliolipa gharama ya mafunzo hayo. Kiwanda cha Newark kiliungua mwaka 1875, kikajengwa upya. Moto ulirudi mara nyingi katika miaka iliyofuata. Waliokuwa karibu na mashine walijeruhiwa, na wengine walikufa. Hyatt alipata hataza, wenye hisa walipata faida, na majina ya waliochomwa hayakuandikwa kwenye bidhaa yoyote.

Tembo hawakupona

Seluloidi ilienea haraka. Ilitengenezwa vitana, kola za mashati, meno ya bandia, vikaragosi vya watoto na vishikio vya visu. Tabaka za seluloidi zenye rangi zinazotofautiana kidogo zilipangwa, zikakandamizwa kwa joto na kukatwa ili zifanane na mistari ya pembe halisi. Mtu wa kipato kidogo aliweza kununua kitana kilichofanana na cha tajiri.

Lakini anayedhani kwamba Hyatt aliwaokoa tembo wa Kongo amekosea. Mipira ya seluloidi haikudunda sawasawa na ya pembe, na wachezaji wakubwa waliendelea kudai pembe. Piano ziliongezeka, na mahitaji ya pembe yakaongezeka. Chini ya utawala wa Mfalme Léopold wa Pili, pembe za Kongo ziliacha njia ya Zanzibar na kuelekea magharibi, na katika miaka ya 1890 Antwerp nchini Ubelgiji ikawa soko kubwa la pembe duniani. Sehemu ya bonde la Semliki iliingizwa katika hifadhi ya Albert, iliyoundwa mwaka 1925 na ambayo leo inaitwa Virunga, lakini uwindaji wa pembe haujaisha.

Kafuri nayo ilikuwa na gharama yake. Ilitoka kwa wingi katika misitu ya Taiwan. Japani ilipokitwaa kisiwa hicho mwaka 1895, ilifanya biashara ya kafuri kuwa mali ya serikali na kusukuma askari ndani ya nchi za wenyeji wa milimani ili kuikata miti. Mzigo ulioondolewa kidogo kwenye msitu mmoja uliwekwa kwenye msitu mwingine.

Mahakamani, na uvumbuzi mwingine

Hyatt alipigana pia kwa karatasi. Mwingereza Daniel Spill, aliyefanya kazi na Parkes, alimshtaki akidai kwamba matumizi ya kafuri ni yake. Kesi ilidumu miaka mingi. Mwaka 1884 uamuzi wa mwisho ulikuwa kwamba Parkes ndiye aliyetangulia, kwa hiyo Spill hakuweza kuwazuia ndugu Hyatt kuendelea.

Hyatt hakukaa kwenye plastiki peke yake. Mwaka 1881 alianzisha kampuni ya kusafisha maji machafu kwa kuyatia dawa ya kugandisha takataka na kuyapitisha kwenye mchanga. Alitengeneza mashine ya kukamua miwa. Mwaka 1892 alianzisha kampuni ya bearingi za roli ambayo baadaye iliuza kwa viwanda vya magari na mwishowe ikaingia mikononi mwa General Motors. Kwa jumla alipata hataza zaidi ya 200. Mwaka 1914 wanakemia wa Marekani walimpa nishani ya Perkin, heshima kubwa kwa mtu asiyesoma kemia darasani. Alifariki tarehe 10 Mei 1920 huko Short Hills, New Jersey, akiwa na umri wa miaka 82.

Moto uleule, mashine mpya

Kabla hajafa, Hyatt aliona mshindani akitokea. Mbelgiji Leo Baekeland, mzaliwa wa Ghent aliyehamia Marekani, alivumbua bakelaiti mwaka 1907. Hiyo ilikuwa plastiki ya tabia tofauti: joto huikaza mara moja, na haiyeyuki tena. Ndiyo iliyokuja kuchukua nafasi kwenye mipira ya biliadi. Seluloidi ilibaki kwenye filamu za sinema hadi miaka ya 1950, ikiunguza kumbi na ghala za kumbukumbu, na kwenye mipira ya tenisi ya meza hadi mwaka 2014, shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilipohamia aina nyingine ya plastiki.

Lakini swali la Hyatt halijazeeka. Leo baadhi ya sehemu za ndege hutengenezwa kwa utepe wa nyuzi za kaboni zilizoshikwa na plastiki ngumu iitwayo PEEK, inayoyeyuka kwenye digrii 343 hivi. Roboti huupasha utepe huo kwa mwanga wa leza na kuulaza tabaka juu ya tabaka, huku kamera za joto zikichungulia. Joto likipungua, tabaka hazishikani na sehemu huachana. Likizidi, minyororo ya plastiki hukatika au hufungana ovyo, na sehemu iliyo nzuri kwa macho huwa dhaifu ndani. Roboti ina sekunde chache tu, wakati Hyatt alikuwa na dakika na ubao wa kujikingia.

Bashi ya wakimbizi imefumwa vilevile. Ndani yake kuna nyuzi za polithini ngumu, na pande zote mbili zimefunikwa polithini laini iliyobandikwa kwa joto. Jua la miezi mingi huikata minyororo yake polepole, hadi inapasuka kwa upepo mdogo. Na bidoni iliyopasuka, ambayo fundi huiunga kwa chuma cha moto, hufuata sheria hiyo hiyo. Chuma kikiwa vuguvugu, ufa haufungi. Kikiwa chekundu, plastiki hutoa moshi, hubadilika rangi, na ufa hurudi kando ya pale palipoungwa. Kila inapoyeyushwa upya hupungua nguvu kidogo, na ndiyo sababu chombo cha plastiki iliyorudiwa mara nyingi hakidumu kama cha mwanzo.

Fundi wa Kamango au Butembo anayengoja chuma chake kipungue wekundu kabla ya kukigusisha kwenye bidoni huenda hajawahi kusikia jina la Hyatt. Anachokipima kwa jicho ni kilekile ambacho mtoto wa mhunzi wa Starkey alikitafuta kwa zaidi ya miaka kumi: joto la kutosha kuunga, bila kufikia lile la kuharibu.